Je, ni daraja lililoigeuza Kigamboni kuwa mji?

Mkaazi wa Tungi

Ndugu zangu, naomba kuelimishwa. Wageni wengi wanaohamia huku kwetu husema kwamba Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, ilikuwa kijiji kimoja cha wavuvi hadi Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016, ndipo mji ukavuka maji. Mimi nimekulia hapa na sikumbuki kijiji kimoja. Nakumbuka Tungi, Mjimwema, Kibada na Vijibweni, kila kimoja na wazee wake na minazi yake. Je, wasemayo ni sahihi?

Mpenda Ramani

Si sahihi, japo si uongo mtupu. Mkono wa bahari unaoingia Kurasini, ambamo mito ya Kizinga na Mzinga humwaga maji yake, ni mwembamba mno pale mbele ya Magogoni, kiasi kwamba aliyesimama Feri humwona waziwazi anayesubiri pantoni upande wa pili. Kilichowachelewesha watu kuhamia ng'ambo hakikuwa umbali, bali foleni.

Hata hivyo, taasisi kubwa zilivuka mapema kuliko watu. Chuo cha Kivukoni kilianzishwa huku mwaka 1961, katika muongo huohuo kikajengwa kiwanda cha kusafisha mafuta, na mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kusukuma mafuta kutoka Kigamboni hadi Ndola. Kwa maneno mengine, tulikuwa na bomba la kufika Zambia karibu nusu karne kabla ya kupata daraja la kufika Kurasini.

Jambo jingine linalosahauliwa ni Gezaulole, karibu na magofu ya Mbwamaji. Jina hilo ni la Kizaramo, yaani "jaribu uone", na mwanzoni mwa miaka ya 1970 pakawa kijiji cha ujamaa. Wakati jiji likipanuka upande ule, huku palitakiwa pawe kijiji, tena kwa mpango. Kwa hiyo ukijani ambao wageni wanaudhania kuwa usingizi ulikuwa, kwa sehemu, uamuzi wa watu.

Mama wa Kibada

Mpenda Ramani amesema vyema, ila ameruka miaka iliyotuumiza. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, na wenye maeneo tukazuiwa kuyaendeleza tukisubiri kupangwa na kufidiwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kumwaga zege la msingi. Msingi ule ulikaa miaka bila ukuta hata mmoja, hadi mpapai ukaota mahali palipokusudiwa kuwa sebule, ukazaa, nasi tukala mapapai yake. Wenzangu waliochoka kusubiri waliuza kwa bei ya kutupa, na baadaye mpango wenyewe ukaachwa.

Daraja lilipofika, basi, lilikuta watu wenye viwanja na hamu ya miaka minane, kwa hiyo tofali zilipanda kwa kasi ambayo mgeni angeweza kudhani imeletwa na daraja peke yake. Kipindi hichohicho tulimegwa kutoka Temeke tukawa wilaya yenye manispaa yake, na sensa ya 2022 ikatukuta tumevuka watu 300,000.

Nyumba nimemaliza. Mpapai niliukata kwa mkono wangu, na nakiri kwamba niliuonea huruma.

Mkaazi wa Tungi

Nawashukuru wote wawili, na hasa wewe mama, pole kwa subira hiyo. Sasa naelewa kwa nini baba yangu hukasirika akisikia kwamba daraja lilituamsha. Lakini kuna jambo moja ambalo manispaa haijalibadilisha: mwanangu, aliyezaliwa baada ya daraja na asiyejua foleni ya pantoni ilivyokuwa, akipanda daladala kwenda Kariakoo bado huaga kwa kusema, "Naenda mjini."