Tupeane uzoefu: siku uliyokutana na kenge uso kwa uso

Mwana Kilombero: Wakuu, leo alfajiri nimekuta banda limetobolewa, vifaranga 7 hawapo, mchangani kuna mburuzo wa mkia. Nifanyeje asirudi? Nikakumbuka mbali. 1998, mafuriko ya El Niño, Ifakara, nipo darasa la nne. Mama kanituma nikatoe mayai, akasema subiri kibatari. Nikajifanya kenge asiyesikia mpaka damu imtoke. Naingiza mkono kwenye kiota, nagusa kitu cha baridi, kina vipele vipele. Nikadhani gogo. Gogo likavuta pumzi! Kabla sijatoa mkono, mkia ulishanichapa chini ya jicho, alama ninayo hadi leo. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Mzee akaja na mchi. Jamaa kavimba shingo, anafoka fssss, ulimi wa panda unaingia na kutoka, halafu akapita katikati ya miguu ya mzee, chubwi! mtaroni. Mayai 11 alishameza, hata ganda hakubakiza.

Binti Tandale: Hao hao. Mvua ikinyesha bonde la Msimbazi ni majirani zetu.

Mkulima Mstaafu: Mwaga oili chafu kuzunguka banda, harudi.

Fundi Wavu: Oili chafu itakuulia kuku. Weka wavu wa chuma, ufukie chini futi moja, kenge anajua kuchimba.

Ngosha: Fuga mbwa. Ila wangu alimwona akawa wa kwanza kuingia ndani.

Mchunga Mbuzi: Kwetu Singida anawanyonya mbuzi usiku. Asubuhi unakamua, hakuna kitu.

Fundi Wavu: Hadithi hizo mzee wangu. Kenge hana midomo ya kunyonyea. Anakula konokono, kaa, samaki, panya, mizoga, mpaka mayai ya mamba. Akizeeka meno yanakuwa butu, anayatumia kuvunjia konokono. Maziwa yako muulize mchungaji.

Mchunga Mbuzi: Mchungaji ni mwanangu wa kumzaa! Unamwita mwizi?

Binti Tandale: Yakhe, yaishe. Akikung'ata je?

Ngosha: Jiwe la nyoka.

Mama Bunda: Usimsikilize huyo. Osha kwa sabuni na maji mengi, nenda zahanati ukachomwe sindano ya pepopunda. Mdomo ule mchafu, kidonda kinaoza.
Sisi tulikuwa tunabomoa kichuguu tupate udongo wa kukandikia nyumba. Jembe likatoa mayai meupe, kama 30 hivi, ganda laini, ukibonyeza linabonyea. Bibi akatufokea, turudishe. Akasema jike husubiri mvua ilainishe kichuguu chenye mchwa hai, anatoboa, anataga, anaenda zake. Mchwa ndio wanaoziba tundu! Joto na unyevu anapewa bure, miezi na miezi. Watoto wakitoka ni weusi wenye mistari na madoa ya njano, wanapendeza kuliko kitenge.

Mjukuu wa Masaka: Huku Buganda anaitwa enswaswa. Ngozi yake ndiyo inawambwa kwenye engalabi, ile ngoma ndefu. Harusi haichangamki bila hiyo.

Shemeji wa Muheza: Umetaja harusi, umenichokonoa. Siku ya mahari yangu wazee wamekaa mkekani chini ya mwembe, mshenga ndo anafungua bahasha. Kumbe juu kuna kenge kijana anasaka viota vya ndege. Tawi kaa! Akatua katikati ya sinia la pilau, mbele ya mjomba wa binti. Mjomba ana miaka 70 na mkongojo. Mkongojo tuliukuta pale pale, mjomba tulimkuta barabarani.

Binti Tandale: 😂😂 Mke ulipata???

Ngosha: Na pilau mlikula?

Mama Bunda: Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, ila msafara wa posa ndo nasikia leo.

Mwana Kilombero: Jamani, mimi niliuliza vifaranga wangu.

Ngosha: Vifaranga baadaye. Shemeji, jibu.

Shemeji wa Muheza: Nilipata. Mjomba aliongeza mbuzi mmoja kwenye mahari, wa kuondoa mkosi.

Fundi Wavu: Wavu, Mwana Kilombero. Leo leo, kabla ya jua kuzama.

Mchunga Mbuzi: Na huyo mbuzi wa mjomba afungiwe ndani, atanyonywa.