Aloi ya beringi za krenki bila risasi: bismuthi inazama yote chini, nifanyeje?

Habari za kazi wakuu. Nipo maabara ya metali, nimepewa jukumu la kutengeneza aloi (mchanganyiko wa metali) ya beringi za krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, isiyo na risasi (lead). Ulaya walifunga mlango wa risasi kwenye beringi za injini za magari mapya mwaka 2011, na sasa kila mteja anaulizia. Nimetumia aluminiamu, na bismuthi ikae badala ya risasi. Shida ikishaganda: nikikata kipande katikati, juu ni aluminiamu tupu, bismuthi yote imelala chini. Nawaza kuongeza bati zishikane. Halafu bosi anang'ang'ania aloi iwe ngumu zaidi. Natanguliza shukrani.

MzeeTanuri: Lazima zitengane mkuu. Bismuthi ina gramu 9.8 kwa sentimita ya ujazo, aluminiamu 2.7. Hata zikiwa zimeyeyuka hazielewani mpaka joto liwe juu sana. Ukiiacha ipoe taratibu kwenye kalibu umeumia. Mwaga utepe mwembamba katikati ya roli zinazopozwa kwa maji, igande kabla haijapata muda wa kuzama.

BintiChuma: Bati na bismuthi pamoja? Thubutu! Bati peke yake huyeyuka nyuzi 232, bismuthi 271, ila zikikutana mchanganyiko huanza kuyeyuka nyuzi 139. Beringi ya dizeli yenye turbo inaweza kufika hapo, mchanganyiko uyeyuke na kutoka kama jasho injini ikiwa inafanya kazi 😂 Chagua moja. Aluminiamu yenye bati asilimia 20 na shaba asilimia 1 ipo kazini miaka mingi.

Konrodi: Krenki yenyewe ni ya kufua (chuma kilichogongwa) au ya kusubu (chuma kilichomiminwa kwenye kalibu)? Nauliza kwa sababu ya kusubu ina vinundu vya grafaiti. Ikisagwa, kingo za vinundu hubaki na vijimeno vinavyokwangua beringi. Silikoni kidogo kwenye aloi huvilainisha, chembe zake zinaipiga krenki msasa taratibu.

Na huyo bosi mwambie ugumu peke yake ni balaa. Aloi ya Isaac Babbitt ya 1839 ni laini, na ilidumu kwa sababu hiyo hiyo: punje ya uchafu ikija na oili inajizika kwenye metali laini, haichani krenki. Kubeba mzigo iachie feleji ya mgongoni, lile bamba linalobeba aloi kwa nyuma.

Mleta uzi: Ni ya kusubu. Basi naiacha bismuthi, naenda na bati na silikoni. Silikoni niweke kiasi gani?

Konrodi: Asilimia 4 hivi, bati ishuke mpaka 10 au 12. Ila pima ukubwa wa chembe kwa darubini kabla hujakimbilia mtambo wa majaribio. Zikiwa kubwa zitakula krenki badala ya kuing'arisha.

MzeeTanuri: Na injini ikiwa ya kujizima kwenye foleni, ongeza utando wa polima wenye grafaiti juu. Kila ikiwaka inaanza bila filamu ya oili.