Naomba ushauri: Wanafunzi wa kujitolea wanafika shule zimefungwa

Wakuu, habari zenu. Tunaratibu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani wanaokuja Tanzania kujitolea kwenye shule za sekondari za kata, na chuo chao huwapa alama kwa kazi hiyo. Tatizo ni kalenda. Wao hufunga Mei, wanatua Juni, na huku likizo inaanza, hadi Julai mwanzoni. Shule ikifunguliwa, walimu wa kidato cha nne wanakimbizana na mtihani wa Novemba. Nani atamwachia mgeni kipindi? Anaishia kupaka rangi madarasa, kazi ambayo fundi wa mtaani angeifanya vizuri zaidi, tena kwa ujira.

Tunafikiria Juni iwe Kiswahili asubuhi na maandalizi ya maabara na mwalimu mwenyeji mchana, kisha Julai wasaidie kidato cha kwanza na cha pili tu. Kuna aliyejaribu mpango kama huu?

Pia shajara wanazoandika hawa wa kujitolea: zimejaa tabasamu za watoto. Tuulize maswali gani ili mwanafunzi aeleze nani aliamua kazi, na ingefanyikaje bila yeye?

Kuhusu vibali msihangaike. Tunajua viza ya utalii hairuhusu kujitolea.