"Babu, hii peleka Fort Jesus": hivi huyu kijana wa tiketi kalelewa na nani?

Nimerudi nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua, damu yanichemka. Mnamjua, yule wa dirishani pale mjini mwenye simu mbili, sina haja ya kumtaja. Nimempeleka babangu, mzee wa miaka 78, kuuliza treni ya Voi yaondoka saa ngapi, swali moja tu wallahi. Mzee akatoa kikaratasi chake cha ratiba mfukoni, kimekunjwa mara nne, mikunjo ishakuwa rangi ya chai, cha enzi zile za gari la usiku kabla reli mpya kufunguliwa 2017, akasema mwanangu niandikie saa za sasa hapa pembeni. Kijana akakitazama, akacheka mpaka kiti kikalia, akasema: "Babu, hii peleka Fort Jesus. Angalia kwa simu."

Fort Jesus, kule makumbusho ya vitu vya kale! Mtu aliyetoa jasho lake relini ujana wote! Na simu yake ni kabambe, ina tochi na redio basi, hizo saa za treni azione wapi?

Zamani stesheni saa zilikuwa ukutani, Mazeras, Mariakani, Voi, Mtito Andei, asiyejua kusoma alisomewa na aliye nyuma yake. Leo chaji ikiisha na safari imeisha.

Na mzee hakujibu. Alikikunja tena polepole, mikunjo ile ile, akakirudisha mfukoni. Fort Jesus!!

Kisauni_Damu: Pole, lakini si nawe una simu? Ungemwangalizia yakaisha, uzi mrefu wa nini.

Mwenye uzi: Simu ninayo! Mzee alitaka kitu akishike mkononi! Wajapani simu watushinda na kitabu chao cha saa za treni bado chachapishwa kila mwezi, kinene kama tofali. Wao mbona hawaambiwi wapeleke Fort Jesus?

Mzee_Kijana: Wachagua ya kukufaa. Kile cha Ulaya cha Thomas Cook, kampuni ya safari, kilianza 1873, na 2013 wenyewe wakakiacha.

BintiMvita: Malizia basi, 2014 wengine wakakifufua maana watu walikililia.

Nahodha wa Nchi Kavu: Nyinyi na treni, mimi jana nimeingia hoteli na njaa zangu naambiwa skani hiyo picha ya mezani ndo uone menyu. Naskani, yataka imeili yangu. Imeili ya biriani!

Kisauni_Damu: 😂😂 hoteli gani hiyo? sahani bei gani

Nahodha wa Nchi Kavu: Mia tano, na kachumbari hamna.

BintiMvita: Biriani bila kachumbari?? Mombasa hii hii??

Mwenye uzi: Jamani mimi nazungumzia mzee wangu

Mzee_Kijana: Ngoja kwanza ndugu. Nahodha, hata ndimu hawakukuwekea?