Meneja alitaka kichaa, mimi nikampelekea mpiga dramu. Sasa dramu ya kanisa imezuiliwa stoo

Wadau, hamjambo. Jambo hili nimekaa nalo siku nne nikijiambia liache lipite, nalo limekataa kupita. Andiko ni refu, mwenye haraka arudi kwenye nyuzi za mpira.

Mimi ni mpiga dramu hapa Malindi, na si wa jana. Nimepigia bendi za mahoteli tangu enzi ambazo Waitaliano walijaa mpaka ukienda Casuarina unasalimiwa "ciao" na muuza madafu. Kila jioni ni ule wimbo wa kumkaribisha mgeni, mara tatu, rege kidogo, chakacha ya kuonjesha, kwaheri. Sidharau. Ndiyo iliyonisomeshea watoto.

Novemba meneja wa hoteli moja (siitaji, wa hapa mtaijua wenyewe) akaniita. Akasema kuna wazee wa Kiingereza wanakuja baada ya Krismasi, wanapenda roki ya zamani, anataka usiku mmoja wa yule mpiga ngoma kichaa mwenye nywele nyekundu. Nikamwambia unamsema Ginger Baker, huyo namjua kuliko ninavyomjua shemeji yangu. Tukapatana elfu ishirini na nne, watu wanne.

Nilifurahi kijinga. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniambia nipige kitu nikipendacho. Ginger Baker alipiga dramu mbili kubwa za miguu, kulia na kushoto, kuanzia 1966, na mimi ninayo moja. Basi nikaenda kwa mzee wa kanisa la mtaani kwetu kuomba ya kwaya. Mimi si muumini wa pale, mzee ananijua tu kwa sababu nilimfundisha mwanawe kushika vijiti. Akanipa kwa sharti moja, irudi kabla ya Jumapili. Nikaipakia kwenye tuktuk nimeikumbatia kama mgonjwa.

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nikifanya mazoezi. Ule wimbo wake wa solo ya dramu uliorekodiwa San Francisco 1968, akiwa na bendi yake ya Cream, unapita dakika 16. Si kelele jamani. Miguu inasema neno, mikono inajibu neno jingine, na katikati kuna pigo la tatu ambalo hakuna kiungo kinacholipiga, linazaliwa lenyewe. Mjomba wangu aliyepiga chapuo kwenye harusi za Kigiriama aliposikia alinyamaza kidogo, akauliza, "Hawa ni wangapi?" Nikamwambia ni mmoja. Akasema huyo kafunzwa na watu wetu. Na kweli hakukosea sana: Baker alipokuwa kijana London, mpiga dramu wa jazi aitwaye Phil Seamen ndiye aliyemkalisha chini akamsikilizisha sahani za ngoma za Afrika, na tangu siku hiyo hakurudi alikotoka.

Siku ikafika. Saa kumi jioni niko pale natandika dramu kando ya bwawa, meneja anakuja na mfuko wa plastiki. Ndani mna wigi. La katani, limetiwa rangi nyekundu ya kupakia mikeka. Na sanduku la fataki.

Nikauliza fataki za nini? Akanionyesha simu. Video ya mpiga dramu kwenye televisheni ya Marekani, dramu inalipuka, moshi, watu wanapiga kelele. "Wageni wanataka vituko," akasema. Nikamwambia bosi, huyu ni Keith Moon wa The Who, mwaka 1967. Ni mtu mwingine. Bendi nyingine. Na baruti ile ilizidi, toazi likamkata mkono. Akanitazama kama ninayemwambia kuna tofauti kati ya chumvi na chumvi. "Si wote walikuwa wendawazimu?"

Hapo ndipo pananichoma mpaka leo. Kwake mpiga dramu ni kituko, na kituko kimoja kinatosha badala ya kingine.

Fataki nilikataa. Wigi, kwa ajili ya amani na elfu ishirini na nne, nikavaa. Ni Desemba, Malindi, kaskazi linavuma lakini kando ya bwawa lile ukuta umeliziba. Wimbo wa pili tu ile rangi ikaanza kuyeyuka na jasho. Ikashuka kwenye nyusi, ikaingia machoni, ikateremka shingoni hadi kwenye shati jeupe. Bibi mmoja wa meza ya mbele akamwita mhudumu, alidhani natoka damu.

Kisha mshereheshaji. Huyu ni mtangazaji, sauti anayo, kusoma ndiyo hakusoma. Akashika maiki akasema Ginger Baker alifia jukwaani akiwa na miaka 32. Alifia wapi? Moon ndiye aliyekufa na miaka 32, 1978, nyumbani London, kwa kumeza vidonge vingi vya kumsaidia kuacha pombe. Baker kazaliwa 1939 Lewisham, jina lake hasa Peter Edward, Ginger ni kwa ajili ya nywele, na alikufa Oktoba 2019 akiwa na miaka 80. Miaka 80! Yeye ambaye kila mtu alimchimbia kaburi tangu miaka ya sitini kwa sababu ya heroini.

Mtangazaji hakutosheka. Akasema huyu ndiye aliyemfundisha Fela Kuti ngoma. Hapo nilitaka kumrushia kijiti. Fela, yule mwanamuziki wa Nigeria, alikuwa na mpiga dramu wake Tony Allen, mtoto wa Lagos, kabla Baker hajafika. Baker hakwenda Nigeria kufundisha. Mwishoni mwa 1971 alipanda gari aina ya Range Rover akakata jangwa la Sahara mpaka Lagos, kwa sababu alichokitaka kilikuwa kule. Mwaka uleule ilitoka sahani ya Fela ambamo Baker na Tony Allen wanapiga pamoja. Wakaaji wa baraza wataniambia hiyo ni safari ya mwenda wazimu. Sawa. Lakini wangapi wangeacha pesa za London wakavuka mchanga wiki kwa wiki kufuata pigo la ngoma? Sisi pigo liko mlangoni na hatutoki hata barazani.

Kule Lagos akajenga studio, ikafunguliwa 1973. Hapa kuna kisa nilichokuwa nimejiandaa kuwasimulia wageni mwenyewe, kama ningepewa maiki. Paul McCartney, yule aliyekuwa wa Beatles, alikwenda Lagos mwaka huo kurekodi, wimbo mmoja akaurekodia studio ya Baker. Kwenye wimbo ule Baker hakugusa dramu. Alitikisa mkebe wenye kokoto. Basi. Mpiga dramu mwenye majivuno kuliko wote, aliyegombana na kila bendi, ameshika mkebe wa kokoto anautikisa. Mtoto yeyote wa Ganda, hapa Malindi, angempa kayamba akamwambia shika hii babu, inalia vizuri zaidi.

Hayo hakuna aliyeyasema. Tuliambiwa eti alipita hapa Malindi akafundishwa na Wagiriama. Uongo mtupu, na wageni wakapiga makofi.

Nikaanza solo. Nilifungua kwa tom-tom peke yake, chini chini, nikaingiza mwendo wa ngoma ya mwanzele ambao mjomba alinionyesha, kisha miguu ikaanza. Kulikuwa na mzee mmoja meza ya pembeni, mkongojo umeegemea kiti. Alikuwa hajala. Akawa anapiga vidole kwenye kitambaa cha meza, akaikamata miguu yangu yote miwili, vidole vya kulia kwa mguu wa kulia, vya kushoto kwa wa kushoto. Tukaenda hivyo mimi na yeye. Dakika ya nne nikaona kwa pembe ya jicho jekundu meneja anakata shingo kwa kidole. Kitindamlo kinatoka. Mpiga kinanda, rafiki yangu wa miaka, akaanza ule wimbo wa kukaribisha wageni. Simlaumu, ana kodi ya nyumba.

Na wakati huohuo kijana wa baa, kwa amri, akawasha fataki nyuma yangu.

Cheche zikaruka. Vitambaa vya meza viwili vikaungua. Na ngozi ya dramu ya kanisa ikapata tundu la ukubwa wa hamri, kingo zimejikunja, linanuka plastiki. Wageni walicheka sana. Walidhani ndiyo shoo. Yule mzee wa vidole hakucheka, alichukua mkongojo wake akaondoka.

Malipo sasa. Elfu ishirini na nne: wakakata tisa za vitambaa, tatu za wigi kwa kuwa "limeharibika rangi", mbili za chakula tulichopewa jikoni, wali na mchuzi wa jana. Ikabaki kumi, watu wanne. Nikauliza, fataki niliwasha mimi? Mhasibu akacheka akasema, "Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, mzee." Nilimwangalia mhasibu huyo nikaona nikifungua mdomo nitalala kituoni. Wakasema dramu kubwa ile moja inabaki stoo mpaka vitambaa vilipwe vyote, maana eti elfu tisa hazikutosha.

NYONGEZA: Naona majibu yameanza kuingia.

Unayesema nilivaa wigi mwenyewe kwa hiyo nisilie, umesema kweli. Wigi ni langu. Fataki si zangu.

Unayeuliza kwa nini namtukuza mtu aliyekuwa mshari: mimi simtukuzi. Alimtolea mpiga besi Jack Bruce kisu wakiwa bendi moja, kisha mpiga gitaa Eric Clapton akakubali kuunda naye Cream kwa sharti la kumchukua Bruce huyohuyo, wakadumu miaka miwili na ushei, 1966 mpaka Novemba 1968. Uzeeni, akiishi Afrika Kusini na farasi wake wa polo, alimpiga kwa fimbo yake ya kutembelea mtu aliyekuwa akitengeneza filamu juu ya maisha yake, akamvunja pua. Angekuwa jirani yangu pale mtaani Barani ningehama. Lakini Cream walipokusanyika tena 2005 kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, London, miguu ya mzee wa miaka 65 ilikuwa bado inasema. Hilo ndilo nililotaka wageni walisikie, dakika 16 tu, na wapewe kitindamlo baadaye.

Na wewe unayejiita mtaalamu wa roki, unayesema Baker ni roki na jazi ni kujipendekeza: mwenyewe alichukia kuitwa mpiga roki maisha yake yote. Kwenye bendi ya Blues Incorporated alichukua kiti cha mpiga dramu Charlie Watts, ambaye naye alitoka kwenye jazi kabla ya kwenda Rolling Stones. Kasikilize, kisha urudi tugombane.

NYONGEZA YA PILI: Mzee wa kanisa kapiga simu mara ya tatu. Jumapili iliyopita kwaya ilipigiwa jerikeni ya lita 20. Hakunigombeza, ndiyo inaniuma zaidi. Kesho saa mbili asubuhi tunakwenda kwenye geti la hoteli, mimi, yeye na kina mama watatu wa kwaya. Wamesema watavaa sare.

Mwenye ngozi ya dramu ya inchi 22, hata iliyotumika, Malindi au Mombasa, aandike hapa chini. Rangi yoyote isipokuwa nyekundu.