Simuleta ipi inamfaa anayeanza kurusha helikopta ya rimoti?

Kipanga wa Ilala (mwenye mada)
Ndugu wanajukwaa, nimekusudia kununua helikopta ya rimoti ya ukubwa wa 450, yaani yenye mapanga ya takriban milimita 325, lakini sitaki kuiinua ardhini kabla sijajifunza kuirusha kwenye simuleta, yaani programu inayoigiza urushaji. Zimebaki njia nne mbele yangu: simuleta ya RealFlight inayouzwa pamoja na rimoti yake, Heli-X au neXt nikitumia rimoti yangu mwenyewe, programu ya simu, au kuachana na simuleta na kuanza na kihelikopta cha kurushia sebuleni. Nina kompyuta mpakato ya kazini isiyo na kadi ya picha inayojitegemea, na rimoti ya FlySky FS-i6. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliozitumia.

Mkia Nyuma
Karibu sana, mkuu. Mimi nimejifunzia RealFlight, na sifa yake kubwa kwa mwanafunzi ni zoezi la kuelea mahali pamoja, ambalo hukuruhusu kuchagua vidhibiti utakavyovishika wewe huku kompyuta ikishika vilivyosalia. Unaweza kuanza na mkia peke yake, ukauzoea, kisha ukaongeza kuinama mbele na nyuma, na mwisho ukachukua vyote. Sijaona njia ya upole zaidi kuliko hiyo. Hata hivyo, RealFlight inakubali Windows tu, ndege za mabawa ndizo zilizojaa humo kuliko helikopta, na kompyuta yako itahema ukifungua viwanja vilivyochorwa kwa pande tatu. Viwanja vya picha za kawaida ni vyepesi, ila ndani yake unasimama mahali pamoja tu, jambo ambalo kwa mrusha helikopta si hasara.

Fundi wa Sahani
Kwa vifaa alivyovitaja mwenye mada, ningeanza na Heli-X au neXt. Zote mbili zimeundwa kwa ajili ya helikopta, zinafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na zina toleo la majaribio, kwa hiyo utajua kama kompyuta yako inazimudu kabla hujatoa hata senti. Kwa jinsi helikopta inavyojibu vijiti, naiweka neXt mbele kidogo, na kwa wepesi kwenye kompyuta dhaifu naiweka Heli-X.

Jambo linalowasumbua wengi si programu bali rimoti. FS-i6 ina tundu la duara nyuma, na kebo ya kulifikisha kwenye USB si ghali, ila hakikisha umefungua kumbukumbu ya modeli mpya na kuiwekea aina ya ndege ya kawaida, si helikopta. Ukiiacha kwenye helikopta, rimoti itachanganya yenyewe ishara za servo tatu (mota ndogo) za sahani inayobadili pembe za mapanga, kisha simuleta itazichanganya tena, na utashangaa kuona kijiti kimoja kinasogeza vitu vitatu. Mwenye rimoti inayoendeshwa na programu ya EdgeTX, kama RadioMaster Boxer, hahitaji haya yote, kwa sababu akiichomeka moja kwa moja kompyuta huiona kama kifaa cha mchezo.

Mwana wa Kigamboni
Natofautiana kidogo na waliotangulia. Kihelikopta kidogo kinafundisha kitu ambacho kioo cha kompyuta hakifundishi, nacho ni kupima umbali kwa macho na kuwa na hofu kidogo. Kwenye kioo watu hurusha kiholela kwa kuwa wanajua kitufe kimoja kitarudisha kila kitu.

Mkia Nyuma
Ndugu yangu, inategemea kihelikopta gani. Chenye rota mbili zinazozunguka kinyume, moja juu ya nyingine, kinajituliza chenyewe hewani, hivyo mtu anaweza kukirusha mwezi mzima asijifunze chochote kitakachomsaidia kwenye 450. Kidogo chenye mapanga yanayobadili pembe ni sawa, lakini nacho kikianguka kinadai vipuri. Kwenye 450, mwanguko mmoja wa kawaida unaweza kuondoka na mapanga, shafti kuu, shafti ya kichwani, gia kubwa na bomba la mkia kwa pamoja.

Dada wa Tanga
Naomba niseme juu ya programu za simu, kwa kuwa nilizitumia kabla sijapata kompyuta. Zinakusaidia kutambua helikopta imeelekea wapi, basi. Kidole kwenye kioo hakina uzito wa kijiti, na vidhibiti vya michezo ya video navyo vina kasoro yake, kwani vijiti vyote viwili hurudi katikati ukiviachia. Kwenye helikopta, kijiti cha kupandisha kinapaswa kubaki pale ulipokiacha, na katikati yake, mota ikiwa kwenye hali ya kasi thabiti, pembe ya mapanga ni sifuri, yaani helikopta inashuka.

Kuhusu mpangilio wa mazoezi, mkia uuelekeze kwako mpaka uchoke, kisha ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, na mwisho pua ikutazame. Hapo kwenye pua ndipo penye kazi: ukisukuma kijiti kushoto helikopta inakwenda kulia kwako, na ukikisukuma mbele inakujia. Usiruke kwenda kwenye mizunguko ya umbo la namba nane kabla mkono haujaacha kuuliza akili.

Fundi wa Sahani
Ninaongeza swichi ya kukata mota. Iweke kwenye simuleta mahali pale pale itakapokuwa uwanjani, na uivute kila unapopoteza mwelekeo, kabla ya kugusa ardhi. Ncha za mapanga ya 450 hupita kilomita 300 kwa saa, na mwaka 2013 kijana wa miaka 19 alifariki huko Brooklyn, New York, baada ya kupigwa na helikopta yake mwenyewe.

Kipanga wa Ilala (mwenye mada)
Nashukuru nyote. Nitajaribu Heli-X kwanza kwa kebo hiyo, kisha neXt. Swali la mwisho: rimoti yangu ina kijiti cha kupandisha mkono wa kushoto, lakini jirani atakayenisaidia uwanjani anatumia kulia. Nibadilishe?

Dada wa Tanga
Amua kabla ya zoezi la kwanza, kwa sababu kuhamisha baadaye ni kuanza upya. Kama jirani ndiye atakayeishika rimoti yako na kuinusuru helikopta ikikuzidi nguvu, mfuate yeye. Mpangilio unabadilishwa kwenye menyu ya FS-i6, ila springi inayorudisha kijiti katikati utalazimika kuifungua rimoti na kuihamisha kwa bisibisi.