Tupeane uzoefu: Minecraft imekupa nini, na imekuchosha wapi? (wadau wa Mtwara na Lindi)

Mwanzisha uzi, Kilwa Masoko
Wadau wa kusini, habari za jioni. Humu wapo wengi mnaocheza Minecraft, lile gemu la kujenga kwa tofali, wa simu na wa kompyuta. Historia yake mnaijua: lilianzia Sweden mwaka 2009, Microsoft wakalinunua 2014 kwa dola bilioni 2.5, na kufikia 2023 zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 300. Mimi nataka ya kwenu. Umejenga nini, na nini kilikufanya uweke simu chini?

Naanza. Najenga Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman lililoko Kilwa Kisiwani, la karne ya 14. Kuna tofali za matumbawe ndani ya gemu: ukiziweka mbali na maji, rangi inakufa na zinageuka kijivu, zinafanana kabisa na kuta za Kisiwani. Nilipoliona hilo nilifurahi mno. Tangu 2022 kuna na mikoko, kwa hiyo hata boriti nimepata.

Kazi ilikuwa lile bwawa la pembe nane. Kila tofali ni mita moja kila upande, hakuna kukata. Nikapiga hesabu: pande nne zilizonyooka tofali saba saba, na nne za mshazari ngazi tano tano, maana tano za mshazari zinakaribia sana urefu wa saba. Ukilitazama kutoka juu limekaa sawa. Kuba ndiyo bado inanishinda, inatoka na meno meno. Hapo gemu lina upungufu wa kweli kwa sisi watu wa majengo ya pwani.

Mdau, Mikindani
Hongera mkuu, weka picha. Langu ni moja: miti yote hiyo, hakuna mnazi wala mkorosho! Nyumba ya kwetu bila mnazi uani haijakamilika. Makuti naezeka kwa marobota ya nyasi kavu, lakini mteremko hautoki vizuri.

Mama wa wawili, Ligula
Sichezi, ila wanangu wanacheza pamoja kwa Wi-Fi ya nyumbani. Nimeona faida. Mkubwa anapanga ramani kwenye daftari kabla ya kujenga, mdogo anatafuta mawe, na wakigombana kuhusu ukuta wanalazimika kuelewana, maana nyumba ni yao wote. Shida yangu ni kwamba mpira una dakika 90 na filimbi, hili halina filimbi. "Mama, namalizia paa tu." Paa likiisha, linaanza bustani.

Dawa niliyoipata: siku moja ya mle ndani, mchana na usiku wake, ni dakika 20. Basi nawaambia siku tatu, kisha simu mezani. Wanahesabu wenyewe macheo, na kelele zimepungua sana. Wazazi wenzangu jaribuni.

Fundi umeme, Masasi
Mimi ni redstone tu, umeme wa mle ndani ya gemu. Ule unga mwekundu unapeleka mkondo tofali 15, halafu unakata mpaka uweke kirudishi cha kuupa nguvu upya. Nimetengeneza mlango unaofunguka kwa swichi mbili, moja ndani na moja nje, kama taa ya ngazi. Vijana ninaowafundisha wanaielewa kule haraka kuliko ubaoni. Wasichokipata ni hatari yenyewe: redstone haipigi shoti, na hilo inabidi nilirudie kila mara.

Mdau, Nachingwea
Mimi nimeliacha. Unashushwa porini, huambiwi la kufanya, usiku mazombi yanakuja. Ukifa kwenye Survival, ile namna ya kucheza ya kujitafutia kila kitu, vitu vyako vinakaa chini dakika tano halafu vinatoweka, na vikiangukia kwenye lava ndiyo basi tena. Lenyewe linachezeka bila intaneti, lakini bando linaliwa na video za YouTube za kukuelekeza. Nilikomaa nikamuua joka, yule adui wa mwisho wa gemu. Yakapita maandishi marefu, nikarudishwa kule kule, kila kitu kama nilivyokiacha. Sasa nifanye nini?

Mwanzisha uzi
Mkuu wa Nachingwea, hoja yako ni nzito, na nadhani ndiyo inayowatoa wengi. Mimi pia nilikuwa nachoka haraka nilipokuwa najenga majumba ya kubuni tu. Nilipochagua kitu ninachokijua kwa macho, uchovu ukaisha. Hebu fikiria hili: kwenu ilifika reli kutoka bandari ya Mtwara, ile ya mradi wa karanga wa Waingereza, ikafungwa miaka ya 1960. Mle ndani reli na mabehewa yapo. Ijenge.

Mdau, Nachingwea
Babu alikuwa anaitaja sana hiyo reli. Ila kwa Survival, reli za kusukuma behewa zinataka dhahabu, na yangu yote iliungua.

Fundi umeme, Masasi
Dhahabu ninayo sanduku zima, ntakupa. Swichi za stesheni niachie mimi.